Wanaokufa wakituokoa: tunawaenzi vipi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki hii nimekusudia tuzungumze jambo ambalo ni nadra kulisikia katika mimbari zetu, nalo ni haki ya watu ambao kazi yao ni kutulinda na kutuokoa, kisha mauti yakawakuta wakiwa katika kazi hiyo. Ninawakusudia polisi, zimamoto, waokoaji, wahudumu wa magari ya wagonjwa, na hata yule mlinzi wa getini ambaye tunampita kila siku bila kumjua jina.

Jambo hili lilinijia darasani. Nilikuwa nasomesha somo la Maarifa ya Uislamu, tumefika kwenye mlango wa jeneza, kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Ustadhi, mtu wa zimamoto akifia ndani ya moto, ni shahidi?" Kabla sijajibu mwenzake akadakia: "Na polisi je?" Darasa zima likaangua kicheko.

Hebu tujiulize, kwa nini swali la zimamoto lilisikilizwa kwa utulivu na la polisi likachekwa? Sababu tunaijua sote, nami nitaigusa huko mbele bila kuificha. Lakini kwanza tuanze na kisa cha kweli, maana kisa hufahamisha haraka kuliko maelezo mengi.

Kijana aliyeshukiwa kabla hajazikwa

Siku ya Jumanne, Septemba 11, 2001, ndege mbili ziligonga majengo mawili marefu ya World Trade Center katika jiji la New York, Marekani. Ya kwanza iligonga jengo la kaskazini saa 2:46 asubuhi kwa saa za huko. Watu walikuwa wanateremka ngazi kukimbia, na wakati huo huo watu wa zimamoto walikuwa wanapanda ngazi hizo hizo, migongoni mwao wamebeba vifaa vya zaidi ya kilo 25. Jengo la kusini lilianguka saa 3:59, na la kaskazini likafuata saa 4:28. Watu 2,977 waliuawa katika mashambulizi ya siku hiyo. Miongoni mwao walikuwemo zimamoto 343 wa jiji la New York, polisi 23 wa jiji hilo, na polisi 37 wa mamlaka ya bandari.

Asubuhi hiyo kijana mmoja Muislamu aitwaye Mohammad Salman Hamdani alitoka nyumbani kwao Queens kwenda kazini. Alizaliwa Karachi, Pakistan, mwaka 1977, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto mchanga. Alikuwa na umri wa miaka 23, ana shahada ya biokemia, anafanya kazi katika maabara ya chuo kikuu. Tena alikuwa amefunzwa huduma za dharura za wagonjwa, na alikuwa kadeti wa polisi wa New York. Siku ile hakufika kazini, wala hakurudi nyumbani.

Wazazi wakamtafuta hospitalini na vituoni. Badala ya kupewa pole, wakaulizwa maswali juu ya mtoto wao. Mwezi Oktoba gazeti moja la mji huo likaandika habari yake kwa kichwa kilichouliza kama kweli amepotea au amejificha. Angalia, ndugu msomaji! Maelfu walipotea siku ile, na huyu kwa jina lake la Muhammad tu akageuzwa mtuhumiwa.

Machi 2002 familia ikaarifiwa kwamba mabaki ya mwili wake yamepatikana katika kifusi cha jengo la kaskazini. Inaaminika kwamba alipoona moto alikwenda kusaidia, kwa kuwa alikuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Jeneza lake liliswaliwa Aprili 5, 2002 katika msikiti mkubwa wa Manhattan, akazikwa kwa heshima za kipolisi, na Meya Michael Bloomberg pamoja na mkuu wa polisi wa jiji walihudhuria.

Jambo la ajabu ni kwamba jina lake liliandikwa pia katika sheria iitwayo Patriot Act, iliyosainiwa Oktoba 26, 2001. Sheria hiyo Waislamu wengi wa Marekani waliilalamikia kwa upelelezi iliouruhusu dhidi yao. Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kifungu kinachotaja kwamba Salman anaaminika kuwa alikwenda kuokoa watu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2011 ulipofunguliwa mnara wa kumbukumbu mahali yalipokuwa majengo yale, jina la Salman halikuwekwa pamoja na majina ya polisi na waokoaji. Hoja ilikuwa kwamba yeye alikuwa kadeti na hakuwa zamu siku ile. Mama yake alipinga uamuzi huo kwa miaka mingi. Mwezi Machi mwaka huo huo, Mbunge Keith Ellison, Muislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alikisimulia kisa hiki mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa inajadili siasa kali miongoni mwa Waislamu, akashindwa kuyazuia machozi. Mwaka 2014 kipande cha mtaa katika eneo lao la Queens kikapewa jina la Salman Hamdani.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, kumuenzi marehemu kunaanza na kusema ukweli juu yake. Pili, jina lililowekwa mahali pasipo pake ni dhulma, hata kama limechongwa kwenye shaba.

Hawakuwa wa New York tu

Januari 7, 2015, watu wenye silaha waliovamia ofisi za jarida la Charlie Hebdo mjini Paris walimkuta barabarani polisi Ahmed Merabet, Muislamu mwenye asili ya Algeria. Wakampiga risasi, na alipokuwa amelala chini majeruhi wakammalizia. Wauaji walidai wanamlipizia Mtume (SAW), na aliyelala chini ni mtu wa umma wa Mtume. Ndugu yake alisimama mbele ya waandishi wa habari akaeleza kwamba Ahmed alikuwa Muislamu, na kwamba waliomuua ni watu wanaojidai Uislamu. Alizikwa Januari 13 katika makaburi ya Waislamu ya Bobigny, baada ya Serikali ya Ufaransa kumpa nishani ya juu ya nchi hiyo pamoja na polisi wenzake wawili waliouawa siku zile.

Na hapa kwetu? Agosti 7, 1998, ulipolipuliwa Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, miongoni mwa waliokufa walikuwemo walinzi wa Kitanzania waliokuwa getini. Aprili 13, 2017, polisi 8 waliuawa kwa kushambuliwa wakiwa garini huko Kibiti, Mkoa wa Pwani, wakirejea kutoka zamu. Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha aliua polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, kabla naye hajauawa.

Sasa ninakuuliza, ndugu msomaji: katika hao wote wa kwetu unamjua nani kwa jina? Wengi wetu tunalikumbuka jina la muuaji wa mwaka 2021, kwa sababu lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Waliouawa tunawataja kwa idadi tu.

Je, ni mashahidi?

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Mtume (SAW), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), aliwataja mashahidi wa aina tano: aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini, aliyeangukiwa na jengo, na aliyeuawa katika njia ya Allah. Katika riwaya ya Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Atik (RA) ametajwa pia aliyeungua moto. Na katika riwaya ya Said bin Zaid (RA) aliyoipokea Tirmidhi, aliyeuawa akiitetea mali yake, nafsi yake, dini yake au watu wake naye amehesabiwa kuwa shahidi.

Tazama orodha hiyo: kuzama, kuangukiwa na jengo, kuungua, kuuawa katika kutetea. Hivyo ndivyo wanavyokufa hasa zimamoto, waokoaji na walinzi. Ikiwa anayeitetea mali yake mwenyewe ana daraja hiyo, tuna matumaini makubwa kwa anayekufa akitetea roho za wengine kwa nia njema. Na Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 32, inatufahamisha kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama ameihuisha jamii nzima ya watu.

Hata hivyo kuna mambo mawili ni lazima yafahamike vizuri.

La kwanza ni la kifiqhi. Wanachuoni wamewagawa mashahidi. Yupo aliyeuawa katika uwanja wa vita vya halali. Huyo haoshwi, na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani tunayafuata, haswaliwi, bali anazikwa na nguo zake. Na wapo mashahidi wa Akhera, kama aliyeungua na aliyeangukiwa na jengo. Hawa tunatarajia wapate ujira wa shahidi kwa Mola wao, lakini hapa duniani wanaoshwa, wanakafiniwa na wanaswaliwa kama maiti mwingine. Kwa hiyo asije mtu akazuia kumuosha zimamoto Muislamu kwa hoja kwamba ni shahidi. Ikiwa mwili umeharibika kwa moto kiasi cha kutowezekana kuoshwa, atatayamamiwa. Na ikiwa mwili hautapatikana, kama ilivyokuwa kwa wengi wa Septemba 11, basi madhehebu yetu yanaruhusu swala ya ghaibu, kama Mtume (SAW) alivyomswalia Najashi wa Habasha akiwa mbali naye.

La pili ni la kiitikadi. Hatuna ruhusa ya kumkatia mtu fulani kwa jina kwamba yeye ni shahidi wa Peponi. Imam Bukhari ameweka mlango maalum katika sahihi yake kulikataza hilo. Na amepokea kisa cha mtumishi aliyekuwa na Mtume (SAW) katika safari ya kutoka Khaibar, akapigwa mshale akafa. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume (SAW) akawakatalia, akawaambia kwamba lile shuka alilolichukua katika ngawira kabla haijagawanywa linamuwakia moto. Aliposikia hayo mtu mmoja akaja na kamba ya kiatu, au mbili, kuzirudisha.

Hili ni onyo kwa kila anayevaa sare. Kufa ukiwa zamu hakufuti rushwa ya barabarani wala kipigo alichopewa mtu asiye na hatia. Tunamuombea marehemu, tunamtarajia kheri, na hesabu yake tunamuachia Mola wake. Niliwajibu wanafunzi wangu hivyo: zimamoto na polisi hukumu yao ni moja, na kinachotofautisha ni nia na amali.

Deni la wafiwa

Mtume (SAW) alivyowaenzi waliokufa kazini kunaonekana wazi katika kisa cha Jaafar bin Abi Talib (RA), aliyeuawa katika vita vya Muta mwaka wa 8 Hijria. Habari ilipofika Madina, Mtume (SAW) aliwaamrisha watu wawatengenezee chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Aliwaita watoto wa Jaafar, na mama yao aliposhitakia uyatima wao, Mtume (SAW) akamfahamisha kwamba yeye ndiye walii wao duniani na Akhera. Na alitangaza, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba muumini atakayekufa akaacha deni bila ya malipo, deni hilo ni juu yake yeye Mtume.

Sayyidna Umar (RA) alifuata njia hiyo. Bukhari amepokea kwamba siku moja sokoni mwanamke kijana alimsimamisha Umar, akamueleza kwamba mumewe amekufa akaacha watoto wadogo wasio na mazao wala mifugo, na kwamba yeye ni binti wa Khufaf bin Ima, aliyehudhuria Hudaibiya pamoja na Mtume (SAW). Umar akasimama naye, hakuendelea na safari yake. Kisha akaenda kwa ngamia mwenye nguvu aliyekuwa amefungwa, akampakia magunia mawili ya chakula, katikati akaweka matumizi na nguo, akamkabidhi hatamu na kumuahidi kwamba kabla havijaisha Allah atawaletea kheri. Mtu mmoja akasema: Amiri wa waumini, umempa kingi mno. Umar akamkemea, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alimuona baba na kaka wa mwanamke yule wakiizingira ngome hadi ikafunguliwa.

Fikiri, ndugu msomaji. Umar hakumwambia binti yule aandike barua, apeleke kiambatanisho, arudi wiki ijayo. Na wala hakusema kwamba baba yako alikwishalipwa. Aliliona deni la umma, akalilipa papo hapo.

Tuwaangalie tena Wamarekani, maana hekima ni potea la muumini. Mwaka 1962 Rais Kennedy alisaini sheria ya kuifanya Mei 15 kuwa siku ya kuwakumbuka polisi waliokufa kazini. Mwaka 1976 ikapitishwa sheria ya kuwalipa wafiwa wa polisi na zimamoto dola 50,000. Mwaka 1988 kiwango kikafanywa dola 100,000, na mwaka 2001 dola 250,000. Mwaka 1991 ukazinduliwa ukuta wa kumbukumbu mjini Washington, wenye majina zaidi ya 20,000, na kila mwaka majina mapya huchongwa.

Lakini hata huko haki haikuja yenyewe. Vumbi la majengo yale lilikuwa na sumu, na waliofukua kifusi kwa miezi wakaanza kuugua mapafu na saratani. Ilichukua miaka tisa hadi Januari 2011 kusainiwa sheria ya matibabu yao, iliyopewa jina la polisi James Zadroga aliyefariki mwaka 2006. Juni 2019 mpelelezi Luis Alvarez alikwenda Bungeni akiwa taabani kwa saratani kuomba mfuko wa fidia usifungwe. Alifariki mwezi huo huo, na mwezi uliofuata mfuko ukaongezewa muda hadi mwishoni mwa karne hii. Na ilipofika Septemba 2023, zimamoto wa New York waliokufa kwa maradhi ya vumbi lile walikuwa wamefikia 343, idadi ile ile ya waliokufa siku yenyewe. Kwa hiyo kufa kazini si kufa kwa risasi na moto tu. Wapo wanaokufa kwa kazi ile ile miaka 20 baadaye, wakiwa kitandani, na watu wamekwishasahau.

Hoja za wanaopinga

Najua wapo watakaoninung'unikia. Nitazijibu hoja zao kwa uadilifu.

Wapo watakaosema: ustadhi, hao polisi ndio waliotupiga risasi Mwembechai Februari 1998, ndio waliopiga watu risasi Zanzibar na Pemba Januari 2001, na baada ya mauaji ya Kibiti kuna familia zilizolalamika kupotelewa na ndugu zao katika operesheni zilizofuata. Tuwaenzi kwa lipi? Hoja hii ni nzito, na asiyeijali hajui machungu ya watu. Kicheko cha darasani chanzo chake ni hiki. Lakini Allah (SW) katika Suratul Maida, aya ya 8, ametukataza tusiache chuki ya watu fulani itupeleke katika kutofanya uadilifu. Na katika Suratun Najm, aya ya 38, ametufahamisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Aliyefyatua risasi Mwembechai ana hesabu yake, na aliyemuamuru ana hesabu yake. Kijana aliyeuawa Kibiti miaka 19 baadaye akitoka zamu hausiki na damu ile. Anayedai haki ya aliyeuawa na polisi anatakiwa awe wa kwanza kulaani kuuawa kwa polisi, na anayemlilia polisi anatakiwa awe wa kwanza kudai uchunguzi wa raia aliyepotea. Damu ya mwanadamu haina sare. Tukichagua damu ya kuililia, basi hata kilio chetu cha Mwembechai tumekipunguzia nguvu wenyewe.

Wengine watasema: hao wengi wao si Waislamu. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, lilipita jeneza Mtume (SAW) akasimama. Akaambiwa ni la Myahudi. Akauliza, kwani hii si nafsi? Ni kweli kwamba kumuombea maghufira asiye Muislamu ni jambo lenye mpaka wake katika sheria. Lakini kuwapa pole wafiwa, kuwasaidia mayatima na kukiri wema alioufanya mtu havina kizuizi. Zimamoto anapovunja mlango wako usiku hakuulizi unaswali wapi.

Kuna pia wanaosema: hizo dakika moja ya kimya na mashada ya maua ni mambo ya kuiga. Wapo wanachuoni waliokataza na wapo waliolegeza, nami sikusudii kuligeuza suala hili kuwa ugomvi mwingine wa misikitini. Asiyependa kusimama kimya asisimame. Lakini asiyesimama kimya, asiyepeleka chakula, asiyeomba dua na asiyeuliza hali ya mjane, huyo amebakiwa na sunna ipi aliyoihuisha?

Na hoja ya mwisho: wanalipwa mshahara. Ni kweli, mshahara unalipia saa za kazi. Roho hailipiwi na mshahara wa mwezi, na aliyeacha mjane wa miaka 28 na watoto watatu hakuwauza kwa posho ya zamu.

Tufanye nini?

Elimu bila ya vitendo ni kama mti usio na matunda. Ninapendekeza mambo manne ambayo sisi Waislamu wa mijini tunayaweza bila kusubiri Serikali.

Kwanza, kila kamati ya msikiti iwajue wafiwa wa aina hii katika mtaa wake. Mwanamke, au mwanamume, aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume alipokufa watu walimzika bila kumuarifu Mtume (SAW), wakiliona jambo lake dogo. Mtume alipomuulizia akaambiwa amekufa, akawalaumu na kwenda kumswalia kaburini. Mlinzi wa usiku wa duka lako asiwe chini ya mfagiaji yule.

Pili, tuwasaidie wafiwa kufuatilia haki zao. Wajane wengi hawajui kwamba mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na kwamba mlinzi wa kampuni akifia kazini wategemezi wake wana madai. Kuna vijana wetu wanasheria na wahasibu, wajitolee siku moja kwa mwezi kuwaandikia watu hawa barua na kuwafuatilia makaratasi. Na tuwakemee mashemeji wanaoingia nyumbani arobaini haijafika wakaanza kubeba televisheni na kadi ya pikipiki. Mali ya yatima ni moto tumboni, Suratun Nisaa aya ya 10 imelieleza hilo wazi.

Tatu, tudai ukweli juu ya vifo vyao. Tume iliyochunguza Septemba 11, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilieleza kwamba matatizo ya mawasiliano ya redio yalichangia baadhi ya zimamoto wa jengo la kaskazini kutoipata amri ya kutoka. Kulisema hilo hakukuwavunjia heshima marehemu. Kumuita mtu shujaa ili isiulizwe kwa nini hakuwa na kifaa ni kumdhulumu mara ya pili. Akifa askari wetu tuulize: alikuwa na gari zima? Alikuwa na mavazi ya kinga? Alipumzika lini?

Nne, tuwaenzi walio hai kabla hawajafa. Ilipoanguka ndege ya Precision Air katika Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, taifa lilimuona kijana mvuvi Majaliwa Jackson aliyekimbilia kuokoa, na Rais akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hilo lilikuwa jema. Nasi tuna la kwetu dogo: namba ya zimamoto ni 114, tusiipigie kwa mzaha. Gari lao likilia king'ora tulipishe. Anayeweka meza ya biashara juu ya bomba la maji ya zimamoto, na anayeziba uchochoro kwa ukuta, ajue kwamba anamchimbia mtu kaburi, na huenda ni mtoto wake mwenyewe au kijana aliyekuja kumuokoa.

Ndugu zangu, Mtume (SAW) katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi ametaja macho mawili yasiyoguswa na Moto: jicho lililolia kwa kumuogopa Allah, na jicho lililokesha likilinda katika njia ya Allah. Tunalala kwa sababu kuna jicho limekesha. Likifumba moja kwa moja, lililobaki kwetu ni kumtaja mwenyewe kwa jina, kumuombea ikiwa ni Muislamu, na kuwatazama wale aliowaacha.

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu Waislamu waliokufa wakiokoa waja wake, awape subira wafiwa wote, awaongoze katika uadilifu wanaobeba silaha kwa ajili yetu, na awafichue wanaodhulumu kwa kujificha nyuma ya sare. Amin.

Wallahu aalam.